Barua ya wazi kwa wainjilisti na wauguzi wanaotumwa pamoja

Wanangu katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Nimesikia kwamba mnajiandaa kwa safari ya umisheni, na kwamba kabla hamjafunga hata mizigo mmekwisha kugawanyika: wainjilisti wanataka mahubiri yatangulie ndipo dawa zitolewe, na wauguzi wanataka kufanya kazi yao bila kipaza sauti kuwasumbua wagonjwa. Nimekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Mabishano haya nayafahamu, kwa sababu niliwahi kuyashinda, na ushindi ule unaniuma hadi leo.

Nilikuwa kijana. Tulifika asubuhi tukakuta foleni ndefu, nami nikamwagiza muuguzi wetu asifungue sanduku la dawa mpaka nitakapomaliza kuhubiri. Nilihubiri karibu saa nzima. Mbele kabisa alikaa mama aliyempakata mtoto mwenye homa kali, na kila alipojaribu kuinuka nilimwashiria kwa mkono aketi. Mtoto akashikwa na degedege nikiwa katikati ya kuwaita watu watubu. Muuguzi hakuningoja tena. Alipita mbele yangu, akamlaza mtoto kwa ubavu, akaanza kumhudumia. Mtoto alipona, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini mama yule alipoondoka hakunitazama, wala mimi sikupata neno la kumwambia. Siku ile nilikuwa nimehubiri juu ya huruma ya Yesu.

Tangu hapo nimeyasoma upya maagizo ya Bwana kwa makini zaidi. Katika Luka sura ya 9 anawatuma wale Thenashara kuutangaza ufalme wa Mungu na kuponya wagonjwa, na kutangaza kumetajwa kwanza. Katika sura ya 10 anawatuma wale sabini, na safari hii wanaambiwa wawaponye wagonjwa waliomo mjini, kisha wawaambie kwamba ufalme wa Mungu umewakaribia. Bwana ni yule yule na kazi ni ile ile, ila mpangilio umebadilika. Kwa hiyo yeyote kati yenu anayedai kwamba Maandiko yameamuru kazi yake itangulie daima, namwomba azisome sura hizo mbili pamoja. Anayeamua kitangulie nini ni yule mgonjwa aliye mbele yenu: mwenye homa atibiwe kwanza, na mwenye hofu ya kufa apewe neno la faraja hata kabla ya kuchomwa sindano.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni uponyaji kugeuzwa chambo, au mahubiri kugeuzwa malipo ya matibabu. Bwana aliwaambia wanafunzi wake, “Mmepata bure, toeni bure.” Aliwatakasa wakoma kumi, akarudi mmoja kushukuru, Bwana aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia. Hata usiku wa kukamatwa kwake aliligusa sikio la mtumwa wa Kuhani Mkuu akaliponya, na mtu yule alikuwa amekuja pamoja na waliomkamata. Basi asiyetaka kusikiliza mahubiri yenu apewe dawa ile ile, kwa upole ule ule, na asiwekwe mwisho wa foleni.

Nanyi wauguzi, msidhani nawaunga mkono katika kila jambo. Kuna mgonjwa anayekuuliza, ukiwa unamfunga kidonda, kwa nini umekuja mbali kiasi hiki kwa ajili yake, nawe unamjibu kwamba ni kazi tu. Hapo umemnyima jibu la kweli. Mwambie ni nani aliyekutuma, kwa sentensi mbili, kisha uendelee kufunga kidonda. Basili wa Kaisaria, ambaye mahubiri yake yanasomwa hadi leo, ndiye aliyejenga nje ya mji wake, katika karne ya 4, makao ya kuwatunza maskini, wagonjwa na wenye ukoma. Waliomfahamu wameandika kwamba hakuona haya kuwakumbatia wakoma, na kwa askofu huyo sioni mahali neno lilipoachana na mkono.

Kuhusu kuwaombea wagonjwa, waombeeni, wawekeeni mikono, wapakeni mafuta kama Yakobo alivyoagiza. Ila marufuku mtu yeyote miongoni mwenu kumwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa sababu imani yake ni haba, au kwamba atupe vidonge vyake vya kifua kikuu, vya kisukari au vya kupunguza makali ya virusi ili kuthibitisha kwamba anaamini. Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati anaweza kurudiwa na ugonjwa uliokwisha kuwa sugu kwa dawa hizo, na akawaambukiza wa nyumbani mwake. Paulo mwenyewe, ambaye kule Malta alimwombea baba wa Publio, mkuu wa kisiwa kile, akapona homa na kuhara damu, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, akamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na akasafiri na Luka, tabibu mpendwa. Hakumlaumu hata mmoja wao kwa kukosa imani.

Nimemaliza, isipokuwa ombi moja. Mtakaporudi mtaandika taarifa, na najua kutakuwa na safu ya waliotibiwa na safu ya waliookoka. Ongezeni safu ya tatu, ya wale ambao hawakupona. Kwa kila mmoja wao andikeni aliombewa na nani, alitembelewa mara ngapi, na ni nani aliyebaki akimshika mkono. Safu hiyo nitaomba kusomewa kwanza.

Mzee wenu katika huduma