"Baba mlezi" wa Jim Thorpe?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini makala ya Jumamosi kuhusu Glenn "Pop" Warner, kocha wa futiboli ya Kimarekani, imenikera. Mmemwita "baba mlezi" wa Jim Thorpe, mwanariadha aliyekuwa mchezaji wake. Mlezi gani huyo?

Ufundi alikuwa nao, sibishi. Mwaka 1911 vijana wake wa Carlisle, Pennsylvania, shule ya watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, waliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Harvard 18 kwa 15, na hilo mmelieleza vizuri. Lakini Thorpe alitoka Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 na medali mbili za dhahabu, na mapema 1913 ikafichuka kwamba aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli North Carolina, na Olimpiki wakati ule haikuruhusu wanamichezo wa kulipwa. Warner akasema hakujua. Kijana ameondoka kikosini 1909, amerudi 1911, na kocha wake hakuuliza alikuwa wapi! Ikapelekwa barua ya kukiri yenye jina la Thorpe, ambayo wanahistoria wengi wanaamini Warner alikuwa na mkono ndani yake. Medali zikachukuliwa, kocha akabaki na kibarua chake. Mimi haya yamenipata. Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa michezo alinipeleka kukimbia mita 800 kwa jina la mwanafunzi wa shule nyingine. Mamluki, ndivyo tulivyoitwa. Nilipokamatwa, alisimama mbele ya kamati akasema hanifahamu. Hanifahamu, na asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai nyumbani kwake! Nikafungiwa miaka miwili. Yeye akapanda cheo.

Mwaka 1914 nao mmeuruka kabisa. Wanafunzi zaidi ya 200 wa Carlisle walitia saini malalamiko kuhusu shule yao, wabunge wakaja kuchunguza, na Gus Welch, mchezeshaji wa timu hiyohiyo, akatoa ushahidi dhidi ya Warner: matusi yake kwa wachezaji, na fedha za michezo. Vijana waliothubutu hivyo hawakustahili hata sentensi moja?

Halafu hili la kuwaita vijana wa Carlisle "Wahindi Wekundu". Mjukuu wangu aliniuliza kama Thorpe alitokea Bombay, na hakukosea, kwa sababu kwetu Mhindi ni mtu wa India. Thorpe alikuwa wa taifa la Sac na Fox, mzaliwa wa Oklahoma. Watoto wa mataifa kama hayo walipelekwa Carlisle wakanyolewa nywele na kukatazwa lugha za mama zao. Leo nasi tunawanyima hata majina ya mataifa yao.

Naomba Jumamosi ijayo, ukurasa uleule, mchape picha ya Thorpe yenye upana wa safu tatu kama mliyompa Warner. Chini yake muandike kwamba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kumrudishia medali mwaka 1982, miaka 29 baada ya kufa kwake, na kwamba ilingoja hadi 2022 kumtambua tena kuwa mshindi pekee. Na jina la Welch lisikosekane.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro