Bajeti ya upandikizaji isiishie chumba cha upasuaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaopanga bajeti ya upandikizaji wa vifaa vya usikivu. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo mwaka 2017, na tunashukuru. Mimi ni fundi redio hapa Tabora, na binti yangu ni mmoja wa wanaosikia kwa vifaa hivyo.

Majirani hudhani mtoto ana betri kichwani. Hana. Kilichoko chini ya ngozi ni koili (waya uliozungushwa duara), sumaku, saketi na nyaya nyembamba zinazoingia sikio la ndani. Umeme wote hutoka nje, kwenye koili ya duara iliyoshikwa na sumaku juu ya ngozi, nyuma ya sikio. Koili ya nje ikipitisha mkondo wa masafa ya redio, ya ndani nayo inapata umeme, na sauti husafiri njia hiyo hiyo. Kwangu mimi hiyo ni transfoma, ila katikati kuna ngozi. Wala si jambo la jana: mwaka 1958 kule Sweden, kifaa cha kwanza cha mapigo ya moyo kupandikizwa mwilini, kazi ya mhandisi Rune Elmqvist, kilichajiwa vivyo hivyo.

Cha ndani hudumu miaka mingi. Kinachotusumbua ni cha nje, hasa waya unaounganisha koili na kifaa cha nje chenye maikrofoni na betri. Mtoto akivaa na kuvua sweta ya shule kila siku, unakunjika pale pale mpaka unakatika, na cha ndani kinazimika papo hapo. Wa kwetu niliupima kwa mita nikajua ulipokatikia, lakini plagi yake imezibwa kwa plastiki, haifunguki. Ukaagizwa nje. Binti alimaliza karibu muhula mzima akisoma midomo ya mwalimu.

Betri nazo ni za zinki na hewa. Ukishabandua kibandiko chake, inaanza kuisha, utumie usitumie. Ukiziulizia madukani hapa, unaonyeshwa za saa.

Ombi langu: kila upasuaji unapolipiwa, na serikali au wafadhili, gharama hiyo hiyo ijumuishe waya na koili za akiba, pamoja na betri za kuchaji. Hospitali za rufaa za mikoa nazo ziweke akiba ya waya. Kuubadilisha hakuhitaji daktari bingwa wala nauli ya Dar es Salaam. Mzazi anauchomeka mwenyewe.

Na kama kuna msomaji wa mikoa ya magharibi anayejua zinakopatikana betri za zinki na hewa ambazo hazijapitwa na muda, aandike hapa. Tuko wengi tunaozitafuta.

Fundi redio,
Tabora