Kijana wako kaniuliza

Morogoro, 16 Machi 2025

Ndugu yangu Mashaka,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mguu wangu ndio ule ule, mvua haijanukia umeshaanza kuuma. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Kidevu. Usinilaumu sana, na wewe simu hupokei.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana wako. Alipita hapa wiki jana akirudi kikosini, sukari kilo mbili mkononi, shikamoo mpaka chini. Tulipomaliza kula akauliza: "Baba mdogo, M23 mliwapigaje?" Ni hizi habari za Goma, kule mashariki ya Kongo, kuanguka tena mikononi mwa waasi hao Januari, vijana zinawachoma.

Nikamwaga. Kwamba Novemba 2012 mji ulichukuliwa kofia za bluu za Umoja wa Mataifa zikitazama, mwaka uliofuata likaja azimio 2098 la Baraza la Usalama, na sisi Watanzania na Afrika Kusini na Malawi tukapewa ruhusa ya kushambulia, si kulinda mahema tu. Nikampa vita ya Kibati yote, pale nje ya Goma, mawe ya Nyiragongo yakitafuna buti, mota kutwa nzima, na siku tuliyompoteza Meja. Mpaka tarehe 5 Novemba 2013 wenyewe walipotangaza wameacha vita. Kijana macho yamemtoka. Mimi nikajiona jenerali!

Usiku sikulala. Nilimpa nusu.

M23 walikuwa na vilima, malori, magwanda. Ukishajua kilima, unajua pa kupiga. Beni, kaskazini zaidi, tukaenda na akili ile ile. ADF, waasi wenye asili ya Uganda, wana kilima gani? Wachache, wanatoka msituni, wanaua, wanapotea, na sisi tunafika na deraya kwa barabara moja, saa zile zile kila siku. Unamkumbuka mama wa maandazi pale Mavivi? "Bo banapita mu mashamba ya kakao, nyinyi munapita na barabara." Tukacheka Kiswahili chake, maneno tukayaacha palepale. Sikumsikia ofisa aliyeieleza vita ile vizuri kuliko yeye.

Doria za miguu, watu wachache, kulala msituni, kuvizia badala ya kuviziwa: tulianza, lakini tulipoanza kuzoea njia, zamu ikaisha. Wakaja wengine, wakaanza na kuuliza barabara. (Na posho yangu ya miezi ile, acha tu.)

Narudi kwa kijana. Alipokuwa anafunga kamba za viatu akasema, "Baba Kibati anasimulia. Beni hasemi." Nikajifanya sijasikia. Mimi Desemba 2017 nilikuwa nyumbani, shambulio la kambi yetu ya Semuliki, kule Beni, nililisikia redioni, vijana wetu 14 kuuawa usiku mmoja. Wewe ulikuwa huko. Ningemwambia nini? Kambi iliyokaa pale pale, adui anayeijua kila kona, na wewe... Hilo si langu kulisimulia.

Lakini naye akipangwa kwenda, ataondoka na Kibati yangu tu kichwani. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Lile daftari lako la doria bado unalo, au mama watoto kawashia moto? Luteni wetu wa Iringa kastaafu? Yule mkalimani aliyekuwa akituibia sigara, umewahi kumsikia? Na kijana likizo yake nyingine ni lini? Utamwambia mwenyewe, au nije tukae wote watatu? Nikija, nilale wapi, maana najua kochi lako?

Nijibu.

Wako, Mzee wa Mota