Risala ya wafanyakazi wa kiwanda cha nguo kwa mgeni rasmi kuhusu mikataba ya biashara

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mwenyekiti wa chama chetu mkoa,
Uongozi wa kiwanda,
Wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana. Masuala ya mishahara, sare na usafiri wa zamu ya usiku yamo kwenye barua uliyokabidhiwa na katibu wetu. Risala hii tumeamua iseme jambo moja tu: mikataba ya biashara ambayo nchi yetu inaingia, au inaombwa kuingia, na nchi tajiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, huenda ukajiuliza wasokota nyuzi wanatafuta nini kwenye mambo ya Brussels na Washington. Simama langoni kwetu asubuhi. Malori yanapita na marobota ya pamba iliyochambuliwa, yamekazwa kwa waya, yanaelekea bandarini. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje kabla haijasokotwa. Ng'ambo ya barabara hiyohiyo akina mama wanafungua marobota ya mitumba. Sisi tuko katikati ya marobota hayo mawili.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kupunguza mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, wakitaka nafasi yetu iangaliwe upya ndani ya AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Nchi zetu zikalegeza moja baada ya nyingine, Tanzania ikiwamo. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule. Waliolegeza hatuwalaumu, kwani walikuwa na ajira za kulinda. Ila tangu hapo, tukisikia msamaha wa ushuru, tunauliza kwanza nani ana uwezo wa kuufuta.

Mkataba wa EPA, yaani ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, ndio unaotunyima usingizi zaidi. Majadiliano yake na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki yalikamilika Oktoba 2014, nasi tulitakiwa kufungua, yaani kuondolea ushuru, asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zitokazo Ulaya, kidogo kidogo kwa miaka 25. Kenya na Rwanda walisaini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huohuo Bunge likashauri tusisaini. Hayati Mzee Mkapa alikuwa ameshaonya hadharani kwamba mkataba ule ungedhoofisha viwanda vyetu. Kwa msimamo huo tunaishukuru nchi yetu kwa dhati.

Tuseme kweli: nguo na viatu viliwekwa kwenye orodha ya bidhaa zisizofunguliwa. Lakini orodha ile inalinda kilichopo. Pale idara ya kufuma tuna fundi kijana anayechonga gia za mashine kwa tupa, kwa sababu zile za kuagiza nje huchukua miezi. Juzi tulimkuta amekalia ndoo, gia ikiwa imebanwa kwenye jiliwa, anahesabu meno kwa kidole kabla ya kupitisha tupa tena. Kesho kijana huyu anaweza kuwa na karakana ya vipuri. Kama tumeshajifunga kutopandisha ushuru wa vipuri, karakana hiyo italindwa na nini? Isitoshe, mkataba uleule unabana haki ya serikali kutoza ushuru mali ghafi inayotoka nchini. Tukiipoteza haki hiyo, marobota yale yataendelea kutupita.

Kenya sasa wana EPA yao na Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Walikuwa na sababu. Wao hawamo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, na mwishoni mwa 2014 maua yao yalitozwa ushuru Ulaya kwa miezi kadhaa. Sisi tungali kwenye kundi hilo na tunaingia Ulaya bila ushuru. Siku tutakapotoka, karatasi ile itarudi mezani. Na forodha yetu ni moja na Kenya tangu 2005, kwa hiyo mipaka ya Namanga, Holili na Sirari inahitaji macho makali kuanzia sasa, bidhaa za Ulaya zilizoingia Kenya zisije zikapenya kwetu.

Ndugu Mgeni Rasmi, baba yangu alikuwa mfumaji. Soko lilipofunguliwa miaka ya 90, kiwanda chao kiliwaita uwanjani na kuwasomea majina. Wengi wao walisikia habari ya soko huria siku hiyohiyo ya kupoteza kazi. Ndiyo maana tunakuomba utufikishie haya: rasimu ya mkataba wowote wa biashara iletwe kwa vyama vya wafanyakazi kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa, wawakilishi wetu wawe chumbani wakati wa majadiliano, na serikali isikubali kuachia haki ya kutoza ushuru pamba ghafi.

Baada ya hapa, tafadhali pita nasi idara ya kusokota. Zamu ya mchana inaingia saa nane, na fundi wa gia amekuandalia moja uishike mkononi.

Naomba kuwasilisha.