Kikao cha baraza Alhamisi: njooni na risiti za taka

Wanakikundi, habari za jioni. Alhamisi saa 4 asubuhi baraza la madiwani linakaa, na suala la taka limo kwenye ajenda. Kikao cha kawaida ni kila robo mwaka. Tukikosa hiki, tusubiri tena miezi mitatu, na lile kontena la sokoni limeshafurika mpaka kwenye meza za wauza dagaa.

Wananchi tunaruhusiwa kuingia kusikiliza, lakini anayesema mle ni diwani. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kesho: tumwone diwani wetu, aulize ada tunayolipa inakwenda wapi. Wenye risiti za mashine pigeni picha mtume humu leo. Malalamiko matupu yanajibiwa na "tumelipokea" likaisha. Risiti zenye tarehe si rahisi kuzikwepa.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) nayo huenda ikaguswa. Akina mama wa vikundi, sikilizeni kwa makini, ila tusiichanganye na taka.

Tukutane getini saa 3 na nusu. Na jamani, sare za vyama ziacheni nyumbani.