Kwenu mnaowatafutia wazee wenu daktari

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliofika umri wa kuwalea waliowalea. Nawaona kliniki kila ninapokwenda: kijana ameshika bahasha ya vipimo, mzazi amekaa pembeni kimya na mkoba mapajani, na swali mnaloulizana kwa sauti ya chini ni lilelile, "Unamjua daktari mzuri wa wazee?" Nina miaka 77. Nimemuuguza mke wangu, na mimi mwenyewe natumia dawa za presha mwaka wa kumi na tisa huu. Ninayoyasema yametugharimu.

Mnayemtafuta ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule ambaye wengine humwita fizishani. Hapasui mtu. Kazi yake ni moyo, mapafu, figo, ini, sukari na damu, na namna vyote hivyo vinavyovutana ndani ya mwili mmoja. Wapo pia mabingwa wa magonjwa ya wazee hasa. Tawi hilo lilipewa jina mwaka 1909 na Ignatz Nascher, daktari wa New York aliyeona kwamba kama watoto wanavyohitaji tiba yao, wazee nao wana ya kwao. Mkimpata bingwa wa namna hiyo, msimwachie. Sehemu nyingi hawapatikani, na bingwa wa magonjwa ya ndani mwenye subira ataibeba kazi hiyo vizuri tu.

Lakini cheo peke yake hakitoshi, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Mke wangu alianzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Uvimbe wa miguu ni jambo linalojulikana kwa dawa ile, ila sisi hatukujua. Tulikwenda kwa daktari mwingine, hakuuliza anatumia nini, nasi hatukusema. Akaandika furosemidi, dawa ya kukojosha. Uvimbe haukupungua kwa maana, lakini mama watoto akawa anaamka kukojoa usiku mara nne, mara tano, na asubuhi akisimama anasikia kizunguzungu. Daktari wa tatu alipoambiwa mgonjwa hapati usingizi, akampa diazepamu. Usiku mmoja sikumsikia akiinuka. Nilisikia kishindo. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Kila kidonge kiliandikwa na mtu aliyesoma, na kila mmoja alitibu alichoonyeshwa. Kidonge cha pili kilikuwa kinatibu madhara ya cha kwanza, na cha tatu madhara ya cha pili. Hakuna aliyeviona vyote pamoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Daktari wa nne tulikutana naye baada ya upasuaji. Alichukua mfuko wetu wa dawa akaumimina wote mezani. Paketi tisa. Mbili kati yake zilikuwa dawa ileile yenye majina tofauti ya watengenezaji, na mke wangu alikuwa akizimeza zote mbili. Akachukua kalamu, akawa anainua paketi mojamoja: "Hii alikupa nani, mama? Kwa ajili ya nini? Inakusaidia?" Alimuuliza yeye, si mimi. Mke wangu akakaa wima kwenye kiti, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Hatukutoka na dawa mpya hata moja. Baadhi zilisimamishwa siku hiyohiyo, na ile ya usingizi ikapunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu dawa za aina hiyo hazikatwi ghafla. Zipo na za moyo zisizokatwa ghafla. Kwa hiyo msije mkasoma barua hii mkaenda kumtupia mzee vidonge vyake jalalani.

Tangu siku hiyo najua cha kutazama. Mkifika kwa daktari mara ya kwanza, angalieni kama anataka kuona dawa zote, pamoja na zile mlizonunua wenyewe dukani na zile za mitishamba. Mzee anayemeza dawa tano au zaidi kila siku anahitaji mtu wa kuzipitia upya mara kwa mara. Mwaka 1991 Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo wazee wanafaa kuepushwa nazo, na hadi leo orodha hiyo inafanyiwa marekebisho. Diazepamu imo. Glibenklamidi ya kisukari imo, kwa kuwa inaweza kumshusha mzee sukari kwa muda mrefu. Diklofenaki, ambayo wengi wetu tunaila kwa ajili ya magoti kama pipi, ni hatari kwa tumbo na figo zetu, na hatari yake huzidi inapokutana na dawa fulani za presha na za kukojosha. Daktari anayewajua wazee atawauliza habari ya magoti kabla hajaandika chochote cha presha.

Angalieni pia kama anampima presha akiwa amelala au amekaa, kisha akamsimamisha na kumpima tena. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3 za kusimama, hapo pana anguko linasubiri. Wengine watamwambia mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Akitumia sekunde 12 au zaidi, daktari ataanza kuuliza kuhusu kuanguka. Ni kipimo cha bure, hakihitaji mashine, na kinasema mengi. Nimekutana na madaktari waliomtibu mzee mwaka mzima bila kumwona akitembea.

Kuhusu figo, msiridhike na kuambiwa "kipimo kiko sawa". Mzee aliyekonda ana misuli michache, na kreatinini, ile taka ya damuni inayopimwa kujua hali ya figo, hutoka kwenye misuli, kwa hiyo namba inaweza kuonekana nzuri huku figo zimechoka. Ulizeni figo zinafanya kazi kwa kiwango gani ukizingatia umri, na kama dozi za dawa zimepangwa kwa kiwango hicho. Sukari nayo, kwa mzee mwenye maradhi mengi, haibanwi kama ya kijana. Kuishusha mno ni kumtafutia kuzimia.

Sasa jambo ambalo vijana hamlijui, kwa sababu sisi hatuwaambii. Tunaficha. Tunaficha kwamba mkojo unatuponyoka. Tunaficha kwamba tulianguka juzi, kwa kuogopa kwamba mtatukataza kutoka nje. Tunaficha huzuni, tunaiita uchovu. Mbele ya mwanangu siwezi kuyataja hayo, na sioni aibu kukiri hilo hapa. Daktari mwema atawaomba mtoke nje kwa dakika chache. Tokeni. Msikasirike, wala msimhoji mzee njiani mkirudi nyumbani.

Na daktari anayewatazama ninyi tu na kuuliza "anasumbuliwa na nini huyu?", ilhali mzee amekaa palepale na akili zake timamu, tafuteni mwingine. Kama masikio ni mazito, ainue sauti kidogo, amkabili uso kwa uso, aongee taratibu. Mzee aulizwe anataka nini. Mwingine anataka aweze kutembea hadi msikitini au kanisani, basi. Mwingine hataki dawa itakayomlaza usingizi mchana wajukuu wakija. Jibu hilo linabadilisha matibabu, na hakuna kipimo cha maabara kinacholitoa.

Mtampataje daktari huyo? Waulizeni wazee wenye maradhi ya miaka mingi, hasa waliobaki kwa daktari mmoja. Waulizeni manesi, maana wao huwaona madaktari mgonjwa akishatoka chumbani. Muulizeni mfamasia ni nani hupiga simu au huandika maelezo yanayosomeka. Hakikisheni ameandikishwa kwenye baraza la madaktari la nchi yenu. Kisha kaangalieni mahali penyewe: ngazi ni ngapi, choo kiko umbali gani kutoka pale mnaposubiri, na ninyi mkipata shida katikati ya wiki mtampata nani. Daktari mashuhuri ambaye mzee atamwona mara moja kwa mwaka, tena baada ya kusubiri siku nzima bila kula, simtamani kama yule wa karibu anayelikumbuka jina lake. Mkishampata, mabingwa wengine wote, wa moyo, wa macho, wa tezi dume, barua zao zirudi kwake.

Kuna siku ambayo hamtakiwi kusubiri miadi. Mzee aliyekuwa mzima jana akiamka leo haelewi yuko wapi, anaongea ovyo au amezama usingizini asivyo kawaida, msiseme "ni uzee". Inaweza kuwa nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Kwetu sisi homa inaweza isionekane kabisa. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Mke wangu sasa anatembea kwa mkongojo, na usiku tunaacha taa ya ukumbini ikiwaka.

Kabla hamjaenda kwa daktari, keti na mzee mkusanye dawa zote kwenye mfuko mmoja. Tazameni kabati, droo, mkoba wake, mfuko wa koti. Mkikuta vidonge chini ya godoro, msimkaripie. Muulizeni kilichomfanya aache kuvimeza, na jibu lake liandikeni kwenye karatasi, liwe la kwanza kumwonyesha daktari.

Ni mimi, mzee wenu.