Haki ya dini shuleni isingoje uamuzi wa mahakama

Kwa Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu ambaye pia nimehudumu katika bodi ya usimamizi ya shule moja ya umma. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walipokuwa wakipokewa, nimemwona mzazi akizuiliwa langoni pamoja na bintiye, sanduku likiwa chini, akiambiwa kwamba mtoto avue mtandio au atafutiwe shule nyingine. Naibu wa mwalimu mkuu hutaja kanuni za shule, mzazi hutaja Katiba, na msichana hubaki ameinamisha kichwa.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, wala hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza kumbagua kwa msingi wa dini mtoto anayetafuta nafasi shuleni, na inapomkabidhi mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa, jukumu la malezi ya kiroho, inamtaka pia alinde imani za wengine. Nayaheshimu makanisa yaliyojenga shule zetu, lakini sharti hilo la mwisho husahauliwa mno.

Kesi ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, inaonyesha tulipokwama. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule hiyo, lililopinga wasichana Waislamu kuvaa hijabu pamoja na sare. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikabatilisha uamuzi huo, ikiona kwamba kanuni ya sare inayowabana wote kwa kipimo kimoja inaweza kuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja. Kisha, Januari 2019, Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi wa Rufaa kwa sababu ya utaratibu uliotumiwa kuwasilisha dai lenyewe, na hivyo swali la msingi likabaki bila jibu. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza kesi ilipoanza alikuwa amekwisha kuondoka shuleni.

Wasabato nao walilazimika kufika Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2017 iliitambua haki ya wanafunzi wao kuiadhimisha Sabato, siku yao ya ibada ya Jumamosi, na mwaka 2019 msichana wa Kirastafari aliyefukuzwa kwa sababu ya nywele zake alirudishiwa haki yake na Mahakama Kuu. Ni wazazi wangapi wanaoweza kumlipa wakili ili mtoto asome?

Najua hoja ya walimu wenzangu kwamba sare huficha tofauti kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mtandio wenye rangi ya sare hauonyeshi utajiri wa mtu yeyote, na mtihani uliopangwa Jumamosi, iwe ni katika shule ya upili au chuo kikuu, unaweza kuhamishwa hadi siku nyingine bila kushusha kiwango cha masomo.

Namwomba Waziri wa Elimu atoe kanuni za kitaifa zinazoeleza mavazi, nywele, siku za ibada na chakula vitakavyozingatiwa, zikitaja pia afisa wa kaunti atakayepokea malalamiko na idadi ya siku anazopewa kuyajibu, huku mwanafunzi akiendelea kuketi darasani. Ziambatanishwe na barua ya kujiunga na shule, ili mzazi azisome nyumbani kabla hajalipa nauli.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru